Kuisoma Ripoti ya Mapitio ya Hiari ya Nchi: Anza na Namba

Kila mwezi Julai mjini New York, serikali kadhaa husimama mbele ya Jukwaa la Ngazi ya Juu la Kisiasa la Umoja wa Mataifa na kueleza zilipofikia katika Malengo ya Maendeleo Endelevu. Ripoti wanazopeleka huitwa Mapitio ya Hiari ya Nchi. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi 22 za kwanza mwaka 2016. Kenya imewasilisha mwaka 2017, 2020 na 2024, na Tanzania mwaka 2019 na 2023. Ninachotaka wasomaji wa nyumbani walishike ni kwamba ninyi ndio mnaoweza kuibana ripoti hii. Kule inakosomwa hakuna mwenye mamlaka hayo.

Ajenda 2030, hati ya Umoja wa Mataifa yenye Malengo hayo, iliyopitishwa Septemba 2015, inasema wazi katika aya ya 74 kwamba ufuatiliaji ni wa hiari na unaongozwa na nchi yenyewe. Majadiliano ya mwisho yaliongozwa na mabalozi Macharia Kamau wa Kenya na David Donoghue wa Ireland, na nchi nyingi zinazoendelea zilikataa mfumo ambao ungeweza kugeuzwa masharti ya misaada. Kwa historia yetu na wafadhili, siwalaumu. Lakini gharama yake ni hii: hakuna anayehakiki ripoti, na nchi isiyofikia shabaha haichukuliwi hatua yoyote. Hata tamko la mawaziri linalofunga kikao hujadiliwa wiki nyingi kabla ya nchi kuwasilisha, kwa hiyo yaliyomo kwenye ripoti hayaliathiri sana.

Muda wenyewe ni finyu. Ujumbe mkuu, usiozidi maneno 700, hutakiwa takriban mwezi Mei, na ripoti kamili mwezi Juni. Ukumbini, nchi inayokuja mara ya kwanza imekuwa ikipewa dakika 15, na inayorudia dakika 10. Kisha yanafuata maswali machache, na asasi za kiraia kwa kawaida hukubaliana juu ya tamko moja fupi. Waziri akijibu kwa ujumla tu, kikao kinaendelea na nchi inayofuata.

Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Juni utaona pa kuingilia. Ripoti lazima ipitie wizara, ipate idhini ya ngazi ya juu, ihaririwe na kusanifiwa. Maana yake takwimu ziwe tayari mwanzoni mwa mwaka, na maoni ya wananchi yakusanywe kabla ya Desemba. Asasi inayosubiri warsha ya uthibitishaji ya Aprili au Mei itakabidhiwa rasimu ambayo sura zake zimeshapangwa, na itakachoweza kurekebisha ni sentensi mbili tatu. Andikieni wizara inayoratibu mapema, mkiambatanisha takwimu zenu na namna mlivyozikusanya.

Sasa namba. Mfano mzuri ni vifo vya wajawazito Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa kaya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ulikadiria 104. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria 238 kwa mwaka 2020. Shabaha ya dunia, namba 3.1 katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, ni kushuka chini ya 70. Hakuna aliyedanganya hapo. Utafiti wa kaya huwauliza watu kuhusu dada zao waliozaliwa nao kwa mama mmoja: nani amefariki, na je, alikuwa mjamzito, anajifungua, au ametoka kujifungua? Vifo hivyo ni vichache ndani ya sampuli, kwa hiyo kila kadirio huwa na ukingo mpana wa makosa. Isitoshe, 556 ilihesabu kila kifo kilichotokea hadi miezi miwili baada ya kujifungua, bila kujali sababu. Hesabu ya 2022 iliishia siku 42, na iliondoa ajali na vitendo vya ukatili. Umoja wa Mataifa kwa upande wake hutumia modeli inayounganisha vyanzo kadhaa. Vifo vimepungua, na hilo ni la kushangilia kwa moyo wote. Lakini ripoti inayoweka 556 na 104 bega kwa bega bila maelezo inaonyesha mteremko mkali kuliko ushahidi uliopo.

Maji nayo yanahitaji macho makali. Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 iliweka kipimo cha kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250, ndani ya mita 400. Ukizidisha idadi ya vituo kwa 250 unapata watu ambao *wangeweza* kuhudumiwa. Kiashiria cha kimataifa cha Malengo hayo, namba 6.1.1, kinauliza jambo gumu zaidi: je, maji yanatoka chanzo kilichoboreshwa, yapo nyumbani, yanapatikana yanapohitajika, na ni salama yakipimwa? Kijiji kimoja kinaweza kuhesabika kikamilifu kwa njia ya kwanza na kisihesabike kabisa kwa ya pili. Kwa hiyo asilimia ya maji isiyotaja njia ya kuhesabu isikuridhishe.

Mimi huanzia kiambatisho cha takwimu, sura za maelezo baadaye. Weka ripoti ya sasa kando ya iliyotangulia, uangalie viashiria vilivyotoweka. Mara nyingi ndivyo vilivyokwenda vibaya. Angalia mwaka wa msingi, yaani ule ambao maendeleo hupimwa kuanzia hapo, umebadilishwa au la. Angalia kama wastani wa taifa umegawanywa kwa mkoa, jinsia na ulemavu, kwa sababu ahadi ya kutomwacha yeyote nyuma haipimiki kwa wastani. Halafu fungua vitabu vya bajeti: shabaha iliyotajwa kwa fahari ilitengewa kiasi gani, na hadi mwaka wa fedha unafungwa zilitolewa ngapi? Pengo kati ya fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa huonekana pia katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Swali lenye namba hizo lipelekeni kwa mbunge wenu kabla ya kamati za Bunge kuanza kuchambua bajeti, wakati bado kuna kifungu kinachoweza kubadilishwa.