CE jumlisha CE si lazima iwe CE

Hii imani ipo miaka mingi kwa wanaounda vifaa vya elektroniki: nunua pawasaplai yenye alama ya CE (alama ya kwamba kifaa kinafuata masharti ya Ulaya), nunua bodi nayo ina CE, vifunge kwenye boksi moja, kazi imeisha. Haiendi hivyo aisee. Ile pawasaplai ilipimwa peke yake na mzigo wake, sasa wewe umeichomekea bodi yenye kristali ya 48 MHz (kipande kinachoipa bodi mapigo yake) na waya wa nusu mita unaning'inia nje, na huo waya ndo unageuka antena, unarusha kelele za redio za 96 MHz, 144 MHz na kuendelea (vizidisho vya ile 48), na muunganiko wako huo hakuna aliyewahi kuupima.

Kwa kawaida kelele za kuanzia 30 MHz kwenda juu zinapimwa hewani, za 150 kHz hadi 30 MHz zinapimwa kwenye waya wa umeme.

Sheria ya Ulaya ya kelele hizi, 2014/30/EU, inamdai anayetoa kifaa kizima kwa jina lake, yeye ndo anasaini tamko kwamba kifaa kinafuata sheria (wengi wanadhani kuna ofisi inagawa CE, kwa vifaa vingi vya kawaida haipo). Vipande vyenye CE vinasaidia kweli, hasa usalama wa umeme mkubwa, ila kinachopimwa ni boksi likiwa limefungwa, waya zote zimechomekwa, linafanya kazi.