Bia Isiyo na Kilevi, Mchuzi Wenye Mvinyo: Aliyeacha Pombe Afanyeje?

Mama mmoja alikuja kwenye kitengo chetu Jumatatu asubuhi akiwa na swali lililomnyima raha tangu jana yake. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha, ila swali nimeliacha kama lilivyo. Mumewe alikuwa ameacha pombe miezi minne. Nyumba ilikuwa imetulia na ada za watoto zililipwa kwa wakati. Jumapili akaona ampongeze. Dukani alikuta chupa ya bia iliyoandikwa 0.0%, akainunua, akaipoza vizuri kwenye friji na kumwekea mezani pamoja na nyama ya kuchoma. Mumewe akanywa, akashukuru, akanyamaza jioni nzima. "Dokta, nimekosea?"

Nia yake ilikuwa njema, na hilo nilimwambia kabla ya jingine lolote. Lakini jibu la swali lake ni refu kuliko maandishi ya chupa, na hapa Dodoma lina uzito wake, maana tunaishi katikati ya mizabibu. Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, Bihawana, kote huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa kwa ajili ya mvinyo, husafiri kwenye madumu kama maji. Mvinyo uko harusini, uko kanisani, na tangu mji ulipojaa hoteli umeingia hata kwenye sufuria. Mtu anayeacha pombe katika mji huu hawezi kuambiwa tu akae nayo mbali.

Nianze na kilichomo ndani ya chupa. Katika nchi nyingi, kinywaji chenye kilevi kisichozidi asilimia 0.5 huruhusiwa kuitwa kisicho na kilevi. Chupa ya mililita 330 yenye kiwango hicho ina kilevi kama mililita moja na nusu hivi. Bia ya kawaida ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo itabidi unywe chupa kama kumi na tano za ile ya kwanza ndipo uifikie moja ya pili, na kabla hujamaliza ini lako litakuwa limeshaondoa kilevi cha zile za mwanzo. Zile zilizoandikwa 0.0% zina kilevi pungufu ya hapo au hazina kabisa. Hata ndizi iliyoiva sana ina chembe za kilevi, na hakuna mtu aliyewahi kulewa ndizi.

Sasa kama hailevi, shida iko wapi?

Iko kwenye kumbukumbu. Ubongo wa mtu aliyekunywa miaka kumi au ishirini haukukariri kilevi peke yake. Umekariri harufu, povu, uchungu ule kwenye ulimi, ubaridi wa chupa mkononi, mlio wa kizibo, hata kiti alichozoea kukalia na saa aliyokuwa akitoka kazini. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliwapima wanaume 49 kwa mashine ya kupiga picha ubongo huku wakiwapulizia bia mdomoni kidogo kidogo, jumla mililita 15 kwa dakika 15. Kiasi hicho hakiwezi kumlevya mtu. Hata hivyo ladha ya bia peke yake iliamsha dopamini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na tuzo, kuliko ilivyofanya ladha ya kinywaji kitamu cha wanamichezo. Na waliotoka kwenye koo zenye historia ya uraibu wa pombe, dopamini yao iliongezeka zaidi.

Ndiyo maana wagonjwa wetu hutueleza jambo moja kwa maneno tofauti: mdomo ulifurahi, halafu mwili ukakaa unasubiri kitu ambacho hakikuja. Kusubiri huko ndiko hamu yenyewe. Chupa haikumlewesha mtu, ila imemwamshia kiu aliyokuwa ameilaza kwa taabu ya miezi, na ile ya kweli inauzwa hatua hamsini kutoka kwake.

Msimamo wangu, na najua wapo wenzangu walio laini zaidi, ni kwamba mwaka wa kwanza bia ya kuigiza iachwe kabisa. Wapo watu ambao kinywaji hicho kimewasaidia kukaa na wenzao bila kunywa, sikatai. Lakini wengi wa hao walikuwa wanapunguza unywaji tu, hawakuwa wanatoka kwenye uraibu. Aliyekuwa anatetemeka mikono alfajiri mpaka azimue, huyo safari yake ni nyingine. Baada ya mwaka bado kuna swali la kujiuliza, nalo ni kinywaji hiki kinanifanyia kazi gani. Juisi ya ubuyu ukiimaliza imeisha. Ukijikuta unahesabu chupa, unaharakisha ya pili, unaona haya mkeo akikuta kizibo, au unaipenda tu ukiwa baa na si nyumbani, basi imeshaanza kufanya kazi ya pombe. Malti tamu, ile isiyofanana na bia kwa ladha, haina hatari kubwa hivyo kwa wengi, ila hata yenyewe isinywewe kwenye meza ileile na kampani ileile ya zamani.

Kinywaji ninachoulizwa zaidi na watu wa vijijini, hata hivyo, si bia ya dukani. Ni togwa, na hapa nataka nikae kidogo.

Togwa ni uji uliotiwa kimea. Kimea cha uwele, mtama au ulezi huvunjavunja wanga wa uji kuwa sukari, ndiyo maana uji ambao haukutiwa kijiko hata kimoja cha sukari unakuwa mtamu. Kisha bakteria huanza kuutia uchachu. Siku ya kwanza togwa ni chakula, na mtoto anapewa. Lakini kimea hichohicho ndicho mama wa Kigogo anachotumia kupika ujimbi, pombe ya kienyeji. Togwa na ujimbi wametoka tumbo moja, na kinachowatenganisha ni siku pamoja na chachu. Ukiiacha togwa kwenye chungu siku mbili tatu kwa joto letu la Oktoba, chachu huanza kuigeuza ile sukari kuwa kilevi bila mtu yeyote kukusudia. Bibi zetu hawakuwa na kipimo, walijua kwa ulimi: ikianza kuuma, imeondoka kwenye utoto. Kwa aliyeacha pombe nasema inywe siku iliyotengenezwa, nyumbani kwa mtu unayemfahamu, na isitoke kwenye chungu au ndoo iliyowahi kulaza pombe, kwa sababu chachu hukaa kwenye chombo. Ya kilabuni usiiguse, hata ukiambiwa ni ya leo.

Juisi ya zabibu nayo iangaliwe vivyo hivyo. Zabibu hubeba chachu kwenye ganda lake tangu shambani. Ikikamuliwa na kujazwa kwenye chupa bila kuchemshwa, kisha ikakaa juani pembeni ya barabara, inaanza kazi yake. Ukifungua kifuniko kikatoa pumzi, au ikachoma ulimi kama soda, imwage. Iliyochemshwa na kufungwa kiwandani haina shida hiyo.

Tuje jikoni. Wapishi wengi wanaamini kwamba pombe yote huruka motoni, kwa kuwa kilevi huchemka kwenye nyuzijoto 78 na maji kwenye 100. Hesabu hiyo ingekuwa kweli kama kilevi kingekuwa peke yake sufuriani. Kikishachanganyika na maji, mafuta na nyama, huondoka polepole, kingine kikibaki. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliweka viwango ambavyo wataalamu wa lishe wanavitumia mpaka leo. Chakula kilichochemka na mvinyo kwa dakika 15 hubaki na kama asilimia 40 ya kilevi. Nusu saa, asilimia 35. Saa nzima, 25. Saa mbili na nusu, bado 5. Ile mbwembwe ya hotelini ya kuwasha moto juu ya sufuria huacha asilimia 75. Mvinyo ukimiminwa kwenye mchuzi unaochemka na sufuria ikaepuliwa hapohapo, 85 imebaki.

Chukua mfano. Kikombe cha robo lita cha mvinyo wa asilimia 12 kina mililita 30 za kilevi. Kikipikwa na nyama nusu saa, zinabaki kama mililita kumi na nusu. Wakila watu sita, kila sahani ina chini ya mililita mbili, karibu sawa na ile chupa ya asilimia 0.5. Hapa tena hakuna wa kulewa. Lakini harufu ipo, na ladha ipo.

Na ipo ile chupa. Hili halisemwi vya kutosha. Chupa ya mvinyo ni mililita 750. Robo lita imeingia sufuriani, nusu lita imebaki kabatini, usiku, ndani ya nyumba ya mtu aliyeacha pombe miezi minne. Mimi mchuzi hauniogopeshi kama inavyoniogopesha hiyo nusu lita. Nyumba yenye mtu anayepona isiweke pombe ya kupikia, wala ya wageni, wala ile brandi ya keki iliyofichwa nyuma ya unga. Anayetafuta ladha ya mvinyo kwenye nyama atumie juisi ya zabibu na siki kidogo, au ukwaju, au ndimu. Siki ilikuwa pombe zamani, lakini bakteria wameshaigeuza kuwa asidi, kinachobaki ni chembe, na sijaona mtu aliyeamshiwa kiu ya mvinyo na kachumbari.

Harusini angalieni keki. Keki ya matunda mara nyingi hunyweshwa brandi baada ya kutoka kwenye oveni, ikaachwa ilale siku au wiki. Hapo hakuna moto uliopunguza chochote. Nyama iliyolazwa kwenye bia usiku kucha, ikababuliwa dakika chache, ni hivyohivyo. Muulize mpishi kabla hujala. Ukiona haya kueleza sababu, sema unatumia dawa.

Kwa wengine hilo ni kweli tupu, na hao ninawaambia bila kulegeza. Anayetumia disulfiramu, dawa anayopewa aliyeacha pombe ili asiirudie, hana nafasi ya kiasi kidogo. Dawa hiyo huzuia mwili kumaliza kazi ya kuvunja kilevi, sumu inayoitwa asetaldehidi inajikusanya, na mtu anawaka uso, kichwa kinagonga, anatapika, moyo unakwenda mbio. Mchuzi wa mvinyo unaweza kuyaleta hayo. Dawa ya kikohozi ya maji yenye alkoholi inaweza, dawa ya kusukutua kinywa pia, na hata siki kwa huyu iepukwe. Hali hiyo inaweza kutokea hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Mwenye ini lililokwisha kuharibika naye asijihesabie mililita, aache zote.

Kanisani je? Waumini hunong'ona swali hili kana kwamba ni dhambi kuliuliza. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba anayekomunika kwa umbo la mkate peke yake amempokea Kristo mzima, na kwa Waanglikana pia kupokea mkate tu kunakubalika. Padri mwenye tatizo la pombe anaweza kumwomba askofu wake ruhusa ya kutumia mustum, yaani juisi ya zabibu ambayo uchachukaji wake umesitishwa. Ongea na mchungaji au padri wako siku ya kawaida, mkiwa wawili, usisubiri kikombe kifike mbele yako.

Na kama hujaacha bado ila unakunywa kila siku na asubuhi unatetemeka, usikate ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Siku mbili tatu za kwanza zinaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hilo. Nenda hospitali iliyo karibu, au hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, ambayo imekuwa hapa Dodoma tangu 1927 na inapokea watu wa hali hiyo.

Ikitokea umekula keki bila kujua, au umeonja bia sifuri na usiku ukawa mrefu, hujarudi mwanzo. Wengi huangukia kwenye ile fikra ya "nimeshaharibu, basi niendelee." Mwambie mtu jioni hiyohiyo, kabla ya kulala: mkeo, rafiki uliyeacha naye, mshauri wako. Hamu kali huja kama wimbi, na mara nyingi hushuka ndani ya nusu saa ukiipita na mtu.

Yule mama tulimshauri afanye jambo moja tu, akamuulize mumewe mwenyewe. Wiki iliyofuata walikuja wote wawili. Mzee alisema ile chupa aliinywa kwa kuogopa kumvunja moyo mkewe, na kwamba usiku ule alikaa uani mpaka saa nane akiusikiliza muziki wa baa ya jirani. Mkewe hakuwa akijua. Siku hizi Jumapili anachemsha rozela na tangawizi, na ni mume ndiye anayeichuja.