Kabla hujakopa kujenga nyumba ya kupangisha Mtwara, hesabu miezi mitupu

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja mezani kwangu na daftari la mazoezi. Ukurasa wa kwanza alikuwa amechora nyumba moja yenye sehemu nne, kila moja chumba na sebule na choo ndani, kwenye kiwanja chake cha Naliendele. Chini ya mchoro aliandika: laki moja mara nne mara kumi na mbili, milioni 4.8 kwa mwaka. "Mkopo utajilipa wenyewe," akaniambia. Alitaka milioni 30.

Kazi yangu ni mikopo, na hesabu ya namna hiyo naiona kila wiki. Haina uongo ndani yake. Ila imeandikwa kana kwamba mpangaji hahami.

Tuliifanya upya pale pale. (Kiswahili chetu kinaita "kodi" anachotoa mpangaji na pia kinachokwenda serikalini, kwa hiyo cha mpangaji nitakiita pango.) Kiwanja na ujenzi, kwa makadirio yake, vingegharimu milioni 50. Nikamwomba akubali kwamba kila sehemu itakaa tupu miezi miwili kwa mwaka: mmoja anahamishwa kikazi, mwingine anashindwa kulipa, rangi inapakwa, dalali anatafuta mtu. Hapo milioni 4.8 zikashuka hadi milioni 4. Tukatoa laki nne za ukarabati, laki nne za TRA kwa kukadiria asilimia 10 ya pango, na laki moja ya kodi ya ardhi, kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU na gari la maji taka. Zikabaki milioni 3.1. Kwa mwezi ni kama 258,000.

Milioni 30 kwa riba ya asilimia 17 inayopungua, yaani inayopigwa juu ya deni lililobaki tu, kwa miaka saba, rejesho lake ni kama 613,000 kila mwezi.

Alikaa kimya, akageuza daftari kuangalia kama nimekosea. Sikukosea. Nyumba ile ingebeba mkopo wa milioni 12 na nusu hivi, basi. Pengo la 355,000 lingetoka kwenye mshahara wake kwa miezi 84, na hakuwa amemwambia mkewe.

Hapa niseme neno kuhusu riba, maana ndiko watu wanakoumizwa. Siku chache kabla, mwalimu huyo aliambiwa mahali pengine kwamba atapewa kwa asilimia 12 tu. Aliona sisi ni wezi. Lakini ile 12 ilikuwa inapigwa juu ya mkopo wote, mwaka wa kwanza hadi wa saba, hata akiwa ameshalipa nusu. Milioni 30 kwa asilimia 12 mara miaka saba ni riba ya milioni 25.2, na rejesho linakuwa kama 657,000. Kwa 17 inayopungua, jumla ya riba ni kama milioni 21.5. Ile "ndogo" ndiyo ghali. Ukienda kukopa popote usiulize asilimia peke yake. Uliza: nitarudisha shilingi ngapi jumla, pamoja na bima na ada? Waandike, wapige muhuri. Na kama dini yako haikuruhusu riba, zipo benki zinazofanya kazi kwa misingi ya Kiislamu, zinakununulia vifaa na kukuuzia kwa faida inayojulikana mapema. Swali ni lile lile: jumla ngapi?

Sasa mpangaji. Mtwara tumewahi kulewa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, lakini vishindo vyenyewe tuliviona miaka ya 2010, wageni walipojaa mjini na nyumba za Shangani zikaanza kutajiwa pango kwa dola. Watu walikopa wakajenga kwa bei ile. Bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015, mafundi wakafunga mizigo, na nyumba zikabaki na vibao vya "inapangishwa" mpaka maandishi yakafifia. Jirani zetu wa Lindi nao wameusubiri mradi wa Likong'o, wa kusindika gesi asilia, kwa miaka mingi. Natamani sana uje, ila usiuweke kwenye hesabu kabla mpangaji hajashika ufunguo.

Ninayemwamini mimi ni muuguzi, mwalimu, mtumishi wa halmashauri, mfanyakazi wa bandarini. Hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo imeleta watu wa mshahara ambao hawaondoki msimu ukiisha. Mwanafunzi wa chuo analipa vizuri, lakini likizo anaweza kukuachia chumba. Na msimu wa korosho, minada inapoanza Oktoba, vyumba vinagombewa; ifikapo Machi anayegonga mlango ni dalali anayetaka upunguze bei. Kadiria pango lako kwa bei ya Machi.

Ujenzi wenyewe ninauacha kwa mafundi, isipokuwa jambo moja: mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi, na chumvi inakula nondo. Nimeona lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, zikipasuka nyumba haijamaliza rejesho.

Karatasi pia. Fanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi kabla ya kulipia kiwanja, hata kama muuzaji ni mjomba. Na ukitaka kuweka rehani nyumba mnayoishi, ridhaa ya mwenzi ni matakwa ya sheria, si adabu tu.

Mwalimu hakuchukua milioni 30. Alirudi na mkewe, wakaomba milioni 12. Kwa akiba yao na mkopo huo walimaliza sehemu mbili. Nyingine mbili zimeishia kwenye lenta, zinasubiri. Daftari lile bado analo. Ukurasa wa nyuma amechora jedwali la miezi, na ule ambao sehemu imekaa tupu anautia msalaba kwa kalamu nyekundu. Mara ya mwisho aliponionyesha lilikuwa na misalaba mitatu, yote ya sehemu ile iliyo karibu na tanki.

"Wanasema pampu inapiga kelele usiku," akasema. "Naihamisha Jumamosi."