Sumu inafungua mlango, mdudu ndo anaandikwa kwenye cheti

Watu wakisikia nafanya utafiti wa kemikali za sumu na magonjwa ya kuambukiza, swali la kwanza huwa lile lile: kwani kemikali inaambukiza? Hapana jamani, haiambukizi. Ila inaweza kukuandaa uambukizwe, na hapo ndo kazi yangu inapoanzia.

Tumezoea kufikiria sumu kama kitu cha papo hapo, mtu kanywa, katapika, kafa. Zile ninazozifuatilia mimi hazina haraka hivo. Zinaingia kidogo kidogo kwa maji, kwa samaki, kwa vumbi la kazini, na mtu yuko poa tu anakula, analala, anaenda kazini, mpaka siku anakutana na bakteria wa kawaida kabisa ambaye jirani yake alimmaliza kwa siku tatu, yeye analazwa. Akifariki cheti kinaandikwa nimonia. Na sio uongo, ni nimonia kweli, ila hakuna mstari wa kuandika nani alimfungulia huyo mdudu mlango.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni vumbi la silika, lile linalotoka ukipasua mwamba. Kwenye mapafu kuna seli walaji, kazi yao kumeza uchafu na vimelea. Zikimeza chembe za silika haziwezi kuzisaga, zinakufa, chembe zinatoka, seli nyingine inakuja kumeza, nayo inakufa. Sasa kumbuka bakteria wa TB anaishi ndani ya seli hizo hizo! Yaani askari aliyetakiwa kumzuia keshajeruhiwa kabla vita haijaanza. Wachimba dhahabu wa Afrika Kusini ndo waliosomwa sana kwenye hili, mwenye silikosisi (ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo) hatari yake ya TB ilikuwa karibu mara tatu ya mwenzake asiye nayo, na akiwa na VVU pia zile hatari mbili hazijumlishwi, zinazidishana.

Hapo kwenye kuzidishana ngoja nikae kidogo maana watu hupapita haraka. Mwaka 1994 yalitoka matokeo kutoka Shanghai kuhusu saratani ya ini. Aliyekula sumukuvu (ile ya ukungu kwenye nafaka na karanga) peke yake hatari yake ilikuwa kama mara 3. Mwenye virusi vya homa ya ini B peke yake kama mara 7. Mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Sio 10, ni 60. Kwa hiyo ukimchunguza mtu wa sumu kivyake na mtu wa virusi kivyake, afu ukajumlisha kwenye ripoti, umekosa sehemu kubwa ya tatizo. Ila na habari njema imejificha humo humo, ukimchanja mtoto dhidi ya homa ya ini B umepunguza na makali ya sumukuvu hata kama hujagusa ghala.

Shida kubwa ya fani hii ni ushahidi. Unajuaje kama kinga ya mtu imeshushwa na kemikali? Huyu kaugua mara tano mwaka huu, yule mara moja, lakini huyu anaishi nyumba ya watu kumi na yule wako wawili, huyu alipuliziwa virusi vingi na yule vichache, hakuna aliyekuwepo na kipimo mkononi. Utabishana mpaka asubuhi.

Waliolitatua hili vizuri, kwa maoni yangu, ni wale wa Visiwa vya Faroe, kule Atlantiki ya kaskazini. Huko watu wanakula samaki na nyangumi, na samaki na nyangumi wana kemikali za PFAS, zile zinazowekwa kwenye vitu visivyoshika maji wala mafuta na ambazo hazitaki kuoza. Walichofanya ni kutumia chanjo kama mtihani. Chanjo ni kitu kimoja, dozi ile ile, umri unajulikana, kila mtoto anapewa karatasi ile ile ya maswali, unabaki kusoma majibu tu. Wakafuatilia watoto 587, wakapima kemikali kwenye damu wakiwa na miaka 5, wakapima kingamwili (askari wa damu wanaotokana na chanjo) za pepopunda na dondakoo. Matokeo yalitoka 2012: kiwango cha zile PFAS kuu kikiwa mara mbili, kingamwili za mtoto akifika miaka 7 zilikuwa chini kwa karibu asilimia 49. Wengine walishuka chini ya kile kiwango kinachohesabika kuwa kinamlinda mtu, na walichanjwa wote! Mwaka 2020 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipoweka kikomo cha PFAS nne kwenye chakula, nanogramu 4.4 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki, kilichoamua namba hiyo kilikuwa kinga kupungua, sio ini wala saratani.

Hii kitu haijaanzia kwa binadamu lakini. Mwaka 1988 sili, wale wanyama wa baharini wa ukanda wa baridi, walikufa kama 18,000 kwenye bahari za kaskazini mwa Ulaya. Muuaji alikuwa virusi, akapatikana, kesi ikaonekana imeisha. Watafiti wa Uholanzi hawakuridhika. Wakachukua sili 22 wadogo kutoka maeneo yenye nafuu ya uchafu, wakawagawa 11 kwa 11, kundi moja likalishwa samaki wa Atlantiki, lingine samaki wa Bahari ya Baltiki ambao wamejaa PCB na dioksini (sumu zinazotokana na viwanda), kwa zaidi ya miaka miwili. Samaki wale wale waliokuwa wanauzwa watu wale. Sili wa kundi la pili hawakuonekana wanaumwa, ila seli zao za kuua virusi zilikuwa zimelegea ukilinganisha na wenzao. Mi napenda sana jaribio hili, sili havuti sigara, hana mshahara, hakuna wa kusema "labda ni umaskini".

Nikiri na langu. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi nilichambua data nikakuta watoto wenye kemikali nyingi kwenye damu wanaugua KIDOGO kuliko wenzao. Nikakaa nalo wiki nzima nikijiona nimegundua dunia mpya, nikampelekea mama mmoja mtaalamu wa takwimu, akaangalia dakika mbili akasema, "mwanangu, hawa walinyonya muda gani?" Basi. PCB na wenzake wanapenda mafuta, wanapita kwenye maziwa ya mama, na maziwa hayo hayo yanampa mtoto kinga. Aliyenyonya sana ana vyote viwili. Nilipowatenganisha kwa muda wa kunyonya lile gunduzi likayeyuka (na hakuna mtu kwenye fani hii anayesema mtoto aachishwe, faida inazidi mbali). Mtego wa upande wa pili ni mgonjwa aliyekonda, mafuta yakiyeyuka kemikali zilizolala humo zinamwagikia kwenye damu, ukipima siku hiyo utasema sumu ndo imeleta ugonjwa kumbe ugonjwa ndo umeitoa sumu mafichoni. Ndo maana sikubali tena data ya damu iliyochukuliwa baada ya mtu kuugua.

Na kuna Bangladesh, ambako naishia kila nikifundisha. Kuanzia miaka ya 1970 vilichimbwa visima vya bomba kwa mamilioni, watu waache maji ya madimbwi yenye kipindupindu na kuhara. Hakuna aliyepima arseniki, sumu ya asili inayotoka ardhini. Kufikia mwaka 2000 ilikadiriwa watu milioni 35 hadi 77 wako hatarini. Visima vikapimwa, vyenye arseniki vikapakwa rangi nyekundu, salama kijani. Sasa mwambie mama mwenye kisima chekundu aende wapi, dimbwini? Tena huko Matlab, eneo la vijijini la Bangladesh, walifuatilia watoto zaidi ya 1,500, wale ambao mama zao walikuwa na arseniki nyingi wakati wa ujauzito waliugua magonjwa ya njia ya hewa ya chini (kama nimonia) zaidi kwa kama asilimia 69, na kuhara zaidi kwa kama asilimia 20. Kuhara! Kile kile ambacho kisima kilichimbwa kukizuia.

Visima virefu vinavyopita mita 150 mara nyingi havina shida hiyo, ila ni ghali. Mimi siku hizi nikiitwa kwenye mradi wa maji naomba kipimo cha bakteria na cha arseniki kwenye karatasi moja, na mara nyingi naletewa karatasi mbili kutoka ofisi mbili zisizosalimiana.