Mtoto wa jicho hana aina moja: dhana potofu na ukweli

Ukitaja mtoto wa jicho, wengi hufikiria doa jeupe katikati ya jicho la mzee. Hiyo ni hatua ya mwisho kabisa. Muda mrefu kabla ya kufika hapo ugonjwa huu huwa na sura kadhaa, na kinachozitofautisha ni mahali ukungu ulipokaa ndani ya lenzi. Mahali hapo ndipo panapoamua mgonjwa ataona nini, hali itaharibika kwa kasi gani na upasuaji ufanyike lini.

Lenzi ina umbo la dengu. Kipenyo chake ni milimita 9 hadi 10, unene wake takriban milimita 4, nayo imekaa nyuma ya mboni. Katikati ina kiini. Kiini kimezungukwa na tabaka laini zaidi, ambalo hapa tutaliita gamba, na vyote vimefunikwa na mfuko mwembamba unaopitisha mwanga. Karibu theluthi moja ya lenzi ni protini, sehemu kubwa inayobaki ni maji. Protini zikiwa zimejipanga vizuri, mwanga hupita. Zikishikana na kufanya mabonge, mwanga hutawanyika. Ni kama ute wa yai: ukiwa mbichi unaona upande wa pili, ukishaiva unakuwa mweupe na haurudi tena ulivyokuwa.

Dhana: Ni utando unaoota juu ya jicho

Kinyama kinachotambaa kutoka pembe ya jicho, mara nyingi upande wa pua, ni ugonjwa mwingine. Kovu jeupe kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, nalo ni jambo jingine. Mtoto wa jicho yumo ndani, nyuma ya mboni, na mara nyingi huwezi kumwona kwa macho matupu mpaka akomae.

Ndiyo maana asali, maziwa, maji ya majani na kukwangua havimfikii. Vinachofikia ni konea. Konea ikichubuka, bakteria au kuvu huingia, kidonda kinatokea, na kidonda kikipona huacha kovu. Hapo hata lenzi ikibadilishwa vizuri kiasi gani, mwanga utazuiwa na kovu lililo mbele yake.

Dhana: Mzee akianza kusoma bila miwani, macho yanapona

Hii inasikitisha zaidi ya zote, maana huwachelewesha watu huku wakifurahi. Katika mtoto wa jicho wa kiini, kiini cha lenzi hushupaa na kugeuka manjano, kisha kahawia. Kinaposhupaa hupinda mwanga zaidi, na jicho linaanza kuona karibu vizuri kuliko mbali. Aliyevaa miwani ya kusomea kwa miaka 20 anaiweka kando na kusoma bila shida. Ni nafuu ya muda tu, ukungu ukizidi hata usomaji huo utapotea.

Dalili zake ukizijua ni rahisi kuzitambua. Nyuso za watu walio mbali zinafifia. Namba ya miwani ya mbali inabadilika kila baada ya miezi michache, ikizidi kuongezeka upande wa hasi. Buluu na zambarau zinapungua nguvu, nguo nyeupe inaonekana kama imeoshwa kwa maji ya vumbi, na nguo ya buluu iliyokoza inadhaniwa nyeusi. Mwenyewe huwa hatambui mabadiliko ya rangi kwa kuwa huja polepole kwa miaka. Wengi hugundua baada ya jicho la kwanza kufanyiwa upasuaji, wanapolilinganisha na la pili.

Umri ndio chanzo kikuu cha aina hii, na uvutaji wa sigara huiharakisha. Tena, mtu aliyevuka miaka 50 akitolewa ute mzito uliojaza jicho kwa sababu ya ugonjwa wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, lenzi yake mara nyingi huingia ukungu wa kiini ndani ya miaka miwili hivi. Ni vizuri kuuliza juu ya hilo kabla ya upasuaji wa retina.

Dhana: Ukisoma herufi zote kwa daktari, huna tatizo

Kuna aina inayokaa kwenye uso wa nyuma wa lenzi, chini kidogo ya mfuko, katikati kabisa ya njia ya mwanga. Doa lake linaweza kuwa dogo sana. Tatizo ni kwamba kwenye mwanga mkali mboni hujikunja ikabaki milimita 2 au 3, na mwanga wote unalazimika kupita palepale penye doa. Kwenye chumba chenye mwanga hafifu mboni hufunguka, mwanga unapita pembeni, na mgonjwa anasoma ubao vizuri tu. Kisha anatoka juani na haoni, au anakutana na taa za gari usiku na barabara yote inageuka ukungu. Kusoma pia humsumbua, kwa kuwa mboni hujikunja kila tunapotazama kitu cha karibu.

Ukiwa na malalamiko haya, yaeleze kwa maneno hayo hayo. Omba upimwe uoni ukiwa umemulikwa mwanga mkali, kisha mboni ipanuliwe kwa dawa ya matone ili lenzi ichunguzwe yote. Siku hiyo usiendeshe gari, kwani ukungu wa matone hudumu saa kadhaa.

Aina hii haisubiri uzee. Huwapata watu wa miaka 30 na 40, na inaweza kukua kwa miezi badala ya miaka. Vyanzo vyake vinajulikana: kisukari, uvimbe wa muda mrefu ndani ya jicho, mionzi, na dawa za steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho. Tusisitize hapa. Steroidi si vidonge tu. Kuna za kuvuta kwa kipulizio cha pumu kwa dozi kubwa, za kupaka karibu na macho, na hasa za matone ambayo watu hununua wenyewe kutuliza macho yanayowasha, kisha wakaendelea nayo miezi mingi. Matone hayo hayo yanaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya na kuua mshipa wa fahamu wa kuonea, na uharibifu huo hautibiki. Lakini kama steroidi za vidonge uliandikiwa na daktari, usiziache ghafla: mwili uliozoea unaweza kuzimia. Zungumza naye kuhusu kupunguza dozi.

Dhana: Kuona vitu viwili viwili ni uchovu

Ukungu wa gamba huanza pembeni ya lenzi na kuingia ndani kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Vijiti vikiwa bado pembeni, mtu anaweza kukaa nao miaka bila kujua. Vikifika katikati, taa moja inakuwa na miali, na herufi moja inaonekana na kivuli chake.

Jipime hivi: funika jicho moja, kisha jingine. Kama kivuli kinabaki hata ukitumia jicho moja peke yake, sababu iko ndani ya jicho hilo, mara nyingi lenzi au konea. Kama vitu viwili vinaungana kuwa kimoja ukifunika jicho lolote, macho hayaelekei pamoja. Hilo likiwa limeanza ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo, si kwa ajili ya miwani bali mishipa ya fahamu ichunguzwe.

Mionzi ya jua na kisukari huchangia aina hii. Sukari nyingi kwenye lenzi hugeuzwa kuwa sobitoli, ambayo haitoki kwa urahisi na huvuta maji ndani, lenzi ikavimba. Ndiyo sababu namba ya miwani ya mwenye kisukari hupanda na kushuka. Usitengeneze miwani mipya mpaka sukari itulie kwa wiki kadhaa.

Dhana: Mtoto mchanga hapati, na akipata asubiri akue

Anapata. Wengine huzaliwa nao kwa kurithi, wengine kwa sababu mama alipata rubela, ugonjwa wa virusi wenye vipele, akiwa mjamzito, wengine kwa kasoro ya mwili kutoweza kutumia sukari ya maziwa. Hapa kusubiri kunaharibu. Ubongo hujifunza kuona katika miezi ya kwanza, na jicho lisiloleta picha safi hupuuzwa. Ukungu mzito wa jicho moja hulengwa kuondolewa mtoto akiwa na takriban wiki 6, na wa macho yote mawili kabla ya wiki 8 hadi 10. Baada ya upasuaji kazi kubwa bado iko mbele: miwani au lenzi za kuvaa, na mara nyingi kuliziba jicho lenye nguvu kwa saa maalumu kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi.

Mboni nyeupe kwa mtoto, hata ikionekana kwenye picha ya simu tu, ni ya haraka pia kwa sababu nyingine: inaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya retina ambayo huua isipotibiwa mapema.

Dhana: Lazima akomae ndipo atolewe

Zamani ilikuwa na maana, kwa mbinu za wakati ule. Siku hizi lenzi huvunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti na kufyonzwa kupitia tundu la milimita 2 hadi 3, mbinu iliyoanzishwa na daktari wa macho Charles Kelman mwaka 1967. Kiini kigumu huhitaji nguvu nyingi zaidi, na nguvu hiyo huumiza chembe za ndani ya konea, ambazo zikifa hazizaliwi upya. Lenzi iliyokuwa nyeupe kabisa inaweza kuvimba, ikaziba njia ya maji ya jicho na kupandisha presha: jicho jekundu, maumivu makali, kutapika. Ikipitiliza, gamba huyeyuka, kiini kikazama chini, na protini zinazovuja huleta presha vilevile.

Wakati wa upasuaji ni pale ukungu unapozuia kazi, usomaji au mwendo salama. Mgonjwa ambaye lenzi imeshakuwa nyeupe apimwe kwa tochi: anapaswa bado kutambua mwanga unatoka upande gani. Asipotambua, huenda retina au mshipa wa kuonea umeharibika, na hilo aambiwe kabla, si baada.

Mwambie daktari kama unatumia tamsulosini, dawa ya tezi dume. Hulegeza misuli ya mboni, na daktari aliyejua hujiandaa. Aambiwe hata kama uliacha zamani.

Dhana: Hutolewa kwa leza, na baadaye hurudi

Lenzi ikishatolewa, mtoto wa jicho hawezi kurudi. Mahali pake huwekwa lenzi ya plastiki, kazi aliyoianza daktari wa macho Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Lakini mfuko wa asili huachwa ili uishikilie, na chembe zilizobaki zinaweza kuutia ukungu baada ya miezi au miaka. Huu ndio ukungu unaoondolewa kwa leza: tundu dogo hutobolewa katikati ya mfuko, kwa dakika chache, bila kisu.

Uoni ukififia polepole miaka miwili baada ya upasuaji, mara nyingi ni mfuko. Ukififia ndani ya wiki ya kwanza, jicho likiuma na kuwa jekundu zaidi kila siku, inaweza kuwa maambukizi ndani ya jicho. Hapo usisubiri asubuhi wala tarehe ya kurudi kliniki.