Uongozi wa pamoja kati ya madiwani na watendaji ni nini?

Uongozi wa pamoja katika serikali za mitaa ni pale wanasiasa waliochaguliwa na watendaji walioajiriwa wanapoiongoza halmashauri kwa kushauriana, kila upande ukibaki na mamlaka yake. Diwani amepewa nafasi na wapiga kura. Mkurugenzi ameajiriwa kwa taaluma yake.

Zamani wengi walitaka pande hizi zitengane kabisa. Mwaka 1887 Woodrow Wilson, kabla hajawa rais wa Marekani, aliandika kwamba masuala ya utawala si masuala ya siasa. Fikra za namna hiyo zilistawi pamoja na mfumo wa meneja wa mji: Staunton, Virginia, uliajiri wa kwanza mwaka 1908, na Dayton, Ohio, ukaufuata mwaka 1914 baada ya mafuriko makubwa ya 1913. Baraza liamue, meneja atekeleze.

Kwenye maandishi mpaka huo unapendeza, ila kazini haukai. Tuseme baraza linataka barabara fulani itiwe lami mwaka huu. Mhandisi anajua haina mtaro, na maji yataichimba lami mapema. Akinyamaza, amewapotosha waajiri wake. Akibadilisha mpango kimyakimya, amejitwalia uamuzi usio wake. Kinachotakiwa ni awawekee madiwani njia zilizopo na gharama zake: kipande kifupi chenye mtaro, barabara yote kwa changarawe, au mradi mwingine usubiri. Kuchagua ni kazi ya madiwani, maana ndio watakaoulizwa na wananchi. Lakini mhandisi naye keshaigusa sera, kwa sababu njia asiyoiandika haitapigiwa kura.

Ndiyo maana msomi James Svara, mwaka 1985, alipendekeza tuangalie ngazi nne: dhamira, sera, utawala na usimamizi. Juu kabisa, kwenye dhamira, wanasiasa wana uzito mkubwa. Chini, kwenye usimamizi wa kila siku, uzito ni wa watendaji. Katikati wote wamo, kwa viwango tofauti.

Ushirika huu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza inajulikana: diwani anampigia simu mtumishi wa chini na kumpa amri, au anashinikiza nani apewe zabuni. Ya pili naiona ni mbaya zaidi kwa kuwa haipigi kelele: makabrasha ya bajeti yanawafikia madiwani jioni ya kuamkia kikao, kisha wanaombwa wapitishe.

Uchaguzi nao hubadilisha hesabu. Baraza jipya likiapishwa, mkurugenzi aliyezoeana na waliotoka hana budi kuanza upya na walioingia: awaeleze mikataba ipi imeshasainiwa, fedha zipi zina kazi tayari, na zipi bado wanaweza kuzipeleka wanakotaka.