Geini ni nini, na kwa nini gitaa lako linasikika mbali ukilirekodi kwenye kompyuta

Wengi wanaorekodi gitaa nyumbani wanalia kilio kimoja, "mbona linasikika kama liko chumba cha pili?" Basi mtu anaingia kwenye programu anapandisha voliamu mpaka mwisho, gitaa linapanda kweli lakini na ile shhhh inapanda, na feni ya kompyuta, na jogoo wa jirani, vyote vinapanda pamoja, mwisho anasema maiki mbovu. Mara nyingi maiki haina tatizo lolote, kilichokosekana ni geini.

Geini ni nguvu unayoiongezea sauti ya maiki KABLA haijaingia kwenye kompyuta. Voliamu ni ukubwa unaousikia wewe baadaye, kwenye spika au hedifoni. Ukikosea voliamu unarudi unarekebisha muda wowote, lakini ukikosea geini umeshaikosa, manake kelele imeshachanganyika na gitaa humo humo kwenye faili.

Kwa nini lazima iongezwe? Kwa sababu maiki inatoa umeme mdogo sana yaani. Chukua Shure SM57, maiki iliyopo tangu 1965 na mpaka leo utaikuta studio nyingi tu, ukiipigia sauti ya desibeli 94 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambayo ni kelele ya kutosha, inakupa kama milivolti 1.6 basi. Vifaa vya studio vimezoea kufanya kazi kwenye volti 1.2 hivi. Piga hesabu, inabidi ikuzwe zaidi ya mara 700, na hapo gitaa kavu, lile wazee wanaliita galatoni, ukilichomoa taratibu kwa vidole halifiki hata hizo 94. Anayeikuza ni priampu, kale kasakiti kalikojificha nyuma ya kitufe kilichoandikwa Gain kwenye intafesi, yaani kile kiboksi kinachounganisha maiki na kompyuta. Maiki za USB zinakuja na priampu yake ndani.

Sasa lile tundu dogo la maiki kwenye laptopu. Nalo lina priampu, ila imetengenezwa kwa ajili ya vimaiki vya hedifoni vya kupigia simu, na imebanwa katikati ya sakiti zingine zenye kelele zao. Mimi nilinunua waya wa pini tatu upande mmoja na jeki ndogo upande wa pili nikachomeka maiki ya dainamiki, aina ya hiyo SM57, moja kwa moja, mshale haukutikisika, nikawasha ile busti ya Windows mpaka desibeli 30, nikapata mvumo kama mvua ya bati na gitaa kwa mbaliii. Tena kuna mtego mwingine humo ambao ulinila siku mbili nzima: waya za hivyo zikifungwa kwa stereo, kushoto na kulia zinabeba sauti ile ile ila moja imegeuzwa, ukiziunganisha kuwa mono, yaani njia moja, zinafutana, gitaa linapotea kabisa. Ukiona una mawimbi kwenye skrini lakini ukiweka mono kimya, ndo hiyo, futa upande mmoja ubaki na mwingine.

Kabla hujatoa hela kununua chochote lakini, sogeza maiki. Umbali ndo geini ya kwanza na ni ya bure. Kila ukiongeza umbali mara mbili unapoteza kama desibeli 6 za gitaa, wakati kelele za chumba zinabaki pale pale, kwa hiyo kutoka sentimita 80 kuja 20 umejipatia desibeli 12 safi ambazo hakuna kitufe kitakupa bila kelele. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili, karibu na freti ya 12. Usiiweke mbele ya shimo la sauti, pale besi inajaa mpaka inavuma, na maiki nyingi zikikaribia sana zinaongeza besi zenyewe juu ya hiyo.

Ukitumia maiki ya kondensa, ile aina inayohitaji kulishwa umeme, bonyeza 48V kwenye intafesi, bila huo umeme haitoi kitu. Na kama ni gitaa la umeme unachomeka bila maiki, washa kitufe cha Inst (cha ala) kwenye intafesi, ukilichomeka kwenye njia ya kawaida linakuwa dhaifu na sauti za juu zinakufa.

Halafu, sauti yenye nguvu sio sauti iliyofika kwenye nyekundu, hapa ndo wengi tunaharibu. Kwenye mita ya programu desibeli 0 ndo dari, juu yake hakuna kitu, wimbi likigonga linakatwa kichwa na sauti inapasuka, na huwezi kuirudisha. Piga ile sehemu ya wimbo unayoipiga kwa nguvu kuliko zote, pandisha geini mpaka vilele vicheze kati ya hasi 12 na hasi 10, kisha shusha kidogo, sababu mtu akijua anarekodiwa mkono unakuwa mzito. Weka programu kwenye biti 24. Biti ndo zinaamua nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na dari: biti 16 zina nafasi ya desibeli kama 96 kutoka chini mpaka juu, biti 24 kwa hesabu zinafika 144, kwa hiyo hata ukirekodi kwa hasi 15 bado uko mbali kabisa na kelele ya kompyuta na hakuna haja ya kuifukuza nyekundu.

Ukishaweka geini yako usipige kwanza. Rekodi sekunde 10 za kimya, umeshika gitaa umenyamaza, halafu sikiliza kwa hedifoni, utasikia friji, utasikia feni, pengine na saa ya ukutani. Zima unachoweza kuzima, sogeza kiti mbali na kompyuta, geuza mgongo wa maiki uangalie ile feni, ndo uanze.